Sikio Kabla ya Spana

Choo chetu kilikuwa kinaamka usiku. Kila baada ya robo saa hivi, bila mtu kuingia wala kubonyeza kitu, kilivuta pumzi, maji yakachuruzika ndani ya tangi kwa muda mfupi, kisha kikanyamaza. Mchana hatukukisikia. Bodaboda za mtaani kwetu Tabata, redio ya jirani na mwito wa muuza mboga humeza kila sauti ndogo. Aliyekigundua ni mama yangu, aliyekuja kutoka Tanga kukaa nasi kwa mwezi mmoja, na ambaye usingizi wake ni mwepesi kama wa ndege. Asubuhi ya siku yake ya tatu alinikalisha chini akaniambia, "Mwanangu, nyumba hii ina mtu asiyelala."

Nilimwita fundi wa karibu. Alifunua tangi, akang'oa boya zima pamoja na koki yake, akaweka jipya. Ilikuwa kazi ya dakika kumi. Usiku uleule choo kikaamka tena, kwa saa zilezile na kwa pumzi ileile. Ndipo jirani akanielekeza kwa mzee mmoja, fundi bomba wa miaka mingi, ambaye sasa hatembei mbali na hachukui kazi mbili kwa siku moja. Kazi aliyoifanya nyumbani kwetu asubuhi ile haijanitoka moyoni. Nataka kuieleza polepole, kwa sababu ni ufundi ambao wengi wetu huulipa bila kuutazama.

Alifika saa tatu na kijana anayemfundisha kazi. Mfuko wake ulikuwa wa turubai, na kila spana ilifungwa kwenye kipande chake cha kanga kuukuu ili zisigongane. Nikamwambia, "Shikamoo mzee." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu," akaulizia hali ya mama na ya watoto, kisha akaomba tuzime feni, tuzime redio na tufunge mlango wa jikoni. Akageuza ndoo tupu, akaikalia mbele ya choo, akainamisha kichwa. Kijana alisimama mlangoni, naye kimya. Walikaa hivyo kwa zaidi ya dakika kumi, na mimi nimesimama ukumbini nikijiuliza kama nimemwita fundi au nimemwita mganga.

Kisha choo kikavuta pumzi. Mzee akachomoa bisibisi ndefu, akaigusisha ncha yake kwenye bomba linaloingiza maji, na mpini wake akauegemeza kwenye mfupa wa nyuma ya sikio. Chuma hupitisha sauti ambazo hewa huzipoteza njiani. Mafundi wa magari nao hutumia mbinu hiyo kusikiliza injini. Alisikiliza maji yakiingia, akasikiliza yakipungua, akasikiliza yakikatika. Akaitoa bisibisi sikioni. "Huyu anafunga vizuri," akasema, akimaanisha lile boya jipya. "Akiambiwa basi, anasikia. Mgonjwa ni mwenzake."

Kwa maneno hayo machache alikuwa ameshagawa tatizo mara mbili na kutupa nusu moja. Tangi la choo lina milango miwili tu. Mlango wa juu huingiza maji, na boya ndiye bawabu wake. Mlango wa chini huyatoa kwenda kwenye sinki, na bawabu wake ni mpira uliokaa juu ya tundu. Mlango wa juu ukigoma kufunga, maji hupanda hadi yafike kwenye bomba la kumwagia ziada, yakashukia sinkini mfululizo. Hapo utasikia mlio mwembamba usiokoma, kama nyoka aliye mbali. Mlango wa chini ukivuja, maji huondoka kimyakimya, usawa unashuka, boya linashuka nao, na likishafika mahali fulani hufungua koki ili kujaza pengo. Hapo utasikia pumzi, halafu kimya, halafu pumzi tena. Choo kinacholia bila kukoma na choo kinachoamka na kulala vina magonjwa tofauti, na sauti ndiyo inayoyatenganisha kabla mfuniko haujaguswa. Fundi wa kwanza alikuja na mikono. Mzee alikuja na masikio, na mikono akaiacha ingoje zamu yake.

Hata kuufunua mfuniko kulikuwa na adabu yake. Aliifungua kwanza pete inayozunguka vile vitufe viwili vya juu, akaiweka mfukoni mwa shati ili isipotee. Akaomba taulo kuukuu, akalikunja mara mbili, akalaza juu yake mfuniko wa kauri mbali na miguu yetu. "Tangi likipasuka utanunua tangi," alimwambia kijana. "Mfuniko ukipasuka pia utanunua tangi, maana mfuniko mtupu huupati dukani." Kijana akaitikia kwa kichwa. Niliona kwamba sentensi ile ameshaisikia mara nyingi, na kwamba itasemwa tena hadi siku ambayo mikono yake itatafuta taulo bila kuambiwa.

Akachukua penseli ya seremala, akachora mstari mfupi ukutani ndani ya tangi, pale pale maji yalipoishia. Akafunga koki ndogo ya ukutani ili maji mapya yasiingie. Akaniuliza kama jikoni kuna kitu chekundu. Tulikuwa na juisi ya rozela kwenye jagi. Akamimina nusu kikombe ndani ya tangi, maji yakawa na rangi ya zambarau iliyofifia. "Sasa tusiguse kitu," akasema. "Tumpe nusu saa atueleze mwenyewe."

Ilikuwa nusu saa ya kungoja, na mzee hakuijaza kwa kazi ya kujionyesha. Alikaa juu ya ndoo yake akaniruhusu kuchungulia. Nilikuwa nimeishi na tangi lile miaka sita na sikuwahi kuliangalia ndani. Maji yake ni yaleyale yanayofika kwenye bomba la jikoni, kwa hiyo hakuna cha kuogopa humo. Kuna kitu cha kustaajabia.

Boya ni chombo kinachojua kusema "imetosha". Maji yakipanda hulisukuma juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji yaliyopishwa na boya lenyewe. Hiyo ni kanuni ya Archimedes, ileile inayobeba jahazi. Katika matangi ya zamani boya lilikuwa mpira wa shaba au plastiki kwenye mwisho wa mkono mrefu, na urefu wa mkono ule uliikuza nguvu hiyo ndogo hadi ikaweza kuziba tundu linalosukumwa na maji ya mji. Katika matangi mengi ya siku hizi boya ni kikombe kidogo kinachopanda na kushuka kwenye nguzo yake, na nguvu yake pekee isingetosha. Kinachofanyika ni ujanja mwingine. Boya huziba kijitundu chembamba kama cha sindano, na kijitundu kile kikizibwa, maji yenyewe hujikusanya nyuma ya kiwambo cha mpira na kukisukuma kifunge njia kuu. Maji hutumia nguvu zake yenyewe kujifungia mlango. Punje moja ya mchanga kwenye kijitundu hicho inatosha kuharibu utaratibu wote.

Akili hii ni ya kale. Ktesibio wa Aleksandria, aliyeishi karne ya 3 kabla ya Kristo, alitengeneza saa ya maji ambayo ilihitaji maji yatiririke kwa kasi isiyobadilika, na boya lililojifunga na kujifungua lenyewe lilikuwa sehemu ya jibu. Katika karne ya 9, ndugu watatu wa Baghdad waliojulikana kama Banu Musa waliandika kitabu kinachoitwa Kitab al-Hiyal, kilichojaa mitambo ya maji yenye maboya na vali zinazojiendesha. Neno hiyal ni wingi wa lile lile neno tulilolipokea sisi kwa umbo la hila. Msomaji wa Kiswahili akiona jina la kitabu hicho anakuwa tayari ameshakielewa nusu: ni kitabu cha hila za kuyafanya maji yatii bila kusimamiwa.

Pwani yetu nayo haikuwa ngeni kwenye kazi hii ya kuhifadhi maji ndani ya nyumba. Katika nyumba za mawe za Lamu, bafu lilikuwa na birika lililojengwa ukutani, na ndani yake waliwekwa samaki wadogo ili wale viluwiluwi vya mbu. Magofu ya Gedi, karibu na Malindi, bado yanaonyesha vyoo na visima ndani ya makazi ya watu walioishi karne nyingi zilizopita. Na Unguja, Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alileta maji ya bomba mjini kutoka chemchemi iliyo nje ya mji. Hata maneno ya kazi yanasimulia safari zake: bomba na boya yalitufikia kutoka kwa Wareno, birika kutoka kwa Waarabu. Fundi, mwenye kuyaunganisha yote hayo, ni neno letu la Kibantu, ndugu wa funda na fundisha. Katika lugha yetu, ajuaye kutengeneza na ajuaye kufundisha wametoka nyumba moja.

Choo cha kuvuta maji kama tunavyokijua kilipata umbo lake Uingereza. Mwaka 1775 Alexander Cumming, Mskoti aliyekuwa fundi wa saa jijini London, alipata hataza ya choo chenye bomba lililopinda kama herufi S, ambalo hubakiza maji kidogo kwenye kona yake ili harufu ya shimoni isirudi ndani. Miaka mitatu baadaye Joseph Bramah, seremala aliyekuja kuwa bingwa wa makufuli, akapata hataza ya choo chake kilichoboreshwa. Fundi wa saa na fundi wa kufuli: mtu akiwafikiria wawili hao haoni ajabu kwamba choo kinachovuja kinahitaji mkono mtulivu. Na vile vitufe viwili vya juu, kidogo na kikubwa, ni vya Australia. Mwaka 1980 Bruce Thompson wa kampuni ya Caroma, katika nchi inayoujua ukame, alitengeneza tangi linalokupa uamuzi: lita 11 au lita 5.5. Matangi ya leo hutumia chini ya hapo, lakini wazo ni lilelile. Kabla ya kubonyeza, fikiri unahitaji kiasi gani.

Nusu saa ikaisha. Mzee akaangaza tochi ya simu ya kijana. Maji yalikuwa yameshuka chini ya mstari wa penseli kwa zaidi ya vidole viwili, na sinkini, kwenye weupe wa kauri, palikuwa na uzi mwembamba wa zambarau ukishuka polepole. Tangi lilikuwa limekiri lenyewe.

Akampa kijana kazi ya hesabu. Kwa kila pumzi choo kilikuwa kinajaza karibu lita mbili. Pumzi nne kwa saa ni lita 8. Kwa siku nzima, lita 192. Kwa siku 30, lita 5,760. Kijana akaihesabu mara mbili kwa simu kisha akaigeuza kuwa ndoo za lita 20: ndoo 288. Mama yangu, aliyekuwa amesogea mlangoni, akashika kiuno. Amebeba ndoo kichwani miaka mingi ya maisha yake, na nadhani katika chumba kile yeye peke yake ndiye aliyeusikia uzito wa namba hiyo shingoni. Chovya chovya humaliza buyu la asali, na buyu letu lilikuwa simtanki juu ya mnara wa zege, ambalo kwa miezi miwili nilikuwa nashangaa mbona linakauka kabla ya siku yetu ya mgao.

Mzee akaongeza jambo ambalo sikuwahi kulifikiria. Maji yale hayapotei hewani. Yanashuka kwenye shimo la majitaka, na shimo lililochimbwa kwa matumizi ya familia moja hupokea familia ya pili isiyoonekana. Linajaa mapema, linaloanisha uwanja, na mwenye nyumba anaita gari la kunyonya akidhani shimo ni bovu. Mtu anaweza kulipia maji yakiingia na kuyalipia tena yakitoka, kwa sababu ya mpira usiozidi upana wa kiganja.

Sasa ikawa zamu ya mikono. Alibonyeza kitufe kikubwa kumwaga maji yaliyobaki, akakausha chini ya tangi kwa sponji. Akaishika nguzo ya katikati, ile inayobeba mpira, akaizungusha robo mzunguko ikatoka bila kelele. Mpira wake ulikuwa duara jembamba lenye tundu katikati, kama chapati ndogo ya plastiki. Akaupitisha kati ya kidole gumba na cha shahada, duara zima, macho yake yakiwa yameelekea dirishani. Hakuwa akiuangalia hata kidogo. Alipomaliza akampa kijana afanye vilevile. "Umekuta nini?"

"Kuna mfereji, mzee. Umejichonga."

"Mfereji umechongwa na nani?"

Kijana akanyamaza. Mzee akamshika mkono, akauingiza ndani ya tangi hadi kwenye mdomo wa tundu la chini. Kijana akapapasa, uso wake ukabadilika. Na mimi nikaruhusiwa kuupeleka mkono wangu. Kwenye mdomo ule laini wa plastiki palikuwa na ukoko, mgumu kama ganda la konokono, mdogo kuliko punje ya mchele. Akaniuliza kama tunachanganya maji. Nikamwambia ndiyo: maji ya mji yakikatika tunanunua ya kisima. Akaitikia kwa kichwa. Maji ya visima vingi vya Dar es Salaam yana chumvi na madini, na madini hayo huganda taratibu mahali ambapo maji hukaa na kukauka. Ukoko ulikuwa umekua pale kwa miezi, ukiukandamiza mpira mahali pamoja, hadi ukauchonga mfereji. Maji yalipata njia kati ya mlima mdogo na bonde dogo.

Hapa ndipo nilipoanza kumheshimu kwa namna nyingine. Fundi mwenye haraka angefuta mpira au angenunua mpya, akauweka juu ya ukoko uleule, na baada ya miezi michache mpira mpya ungekuwa na mfereji wake. Mzee alitaka kujua nani amemuumiza mpira. Aliomba ndimu mbili. Akazikata, akakandamiza nusu ya ndimu juu ya ukoko, akaiacha hapo, baada ya muda akaweka nusu nyingine. Tindikali ya ndimu huula ukoko wa chokaa bila kuigusa plastiki. Mtu mwenye siki angeweza kuitumia. Mwenye kisu angekwangua, na mdomo uliokwaruzwa hauwezi kufungika tena. Baada ya dakika ishirini akausugua kwa kitambaa, akazungusha kidole, akasugua tena mahali pamoja, akazungusha kidole. Alirudia mara tano au sita. Kila mara kidole kilisafiri duara lote tangu mwanzo, hata kama tatizo lilikuwa upande mmoja.

Kuhusu mpira wenyewe, alinipa chaguo. Ule wa aina yetu ni bapa pande zote mbili, kwa hiyo unaweza kugeuzwa upande wake mzima ukakaa chini. "Utakusaidia miezi kadhaa, mwanangu, ukinunua mpya kwa nafasi yako. Mpya si ghali, ila umpelekee mwenye duka huu wa zamani mkononi. Usiende na maneno. Mipira hii inafanana kama pacha na hakuna anayelingana na mwenzake." Nikamwambia amwagize kijana aende dukani. Akasema hapana, kijana bado ana cha kuona hapa. Akaugeuza mpira, akaurudisha.

Kabla ya kufunga, alilishughulikia lile boya jipya ambalo yeye mwenyewe alishasema ni zima. Alinieleza kwamba maji ya mji yanaporudi baada ya mgao huja na mchanga, na ule mchanga ni adui wa kile kijitundu cha sindano. Akafungua kichwa cha koki ya boya, akafunika kikombe cha plastiki juu yake kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia akafungua koki ya ukutani kwa sekunde chache. Maji yakaruka ndani ya kikombe na kurudi chini bila kumlowesha mtu. Alipogeuza kikombe, kulikuwa na punje tatu za mchanga mweusi. Akazionyesha kwenye kiganja kama muuza dhahabu.

Kulikuwa na ufundi katika mambo ambayo hakuyafanya. Alipofungua na kuunganisha tena bomba linaloingiza maji, kijana alikuwa ameshachomoa ile tepu nyeupe ya kuzungushia uzi. Mzee akamrudishia. Pale, alisema, kinachozuia maji ni washa ya mpira iliyo ndani ya nati. Tepu kwenye uzi haizuii kitu, ila huifanya nati isikae vizuri. Akaishika nati kwa vidole, akaizungusha kwanza kinyume, taratibu, hadi ikatoa mlio mdogo wa uzi kukaa mahali pake, ndipo akaanza kuikaza. Nati ya plastiki iliyokazwa kabla uzi haujakaana huvuka, na ikishavuka mara moja haifai tena. Alikaza kwa vidole hadi ikagoma, kisha kwa spana robo mzunguko tu. Mkono wa kijana uliokuwa umejiandaa kusukuma zaidi ukarudi nyuma. "Nguvu unayo," mzee akamwambia. "Sasa ujifunze kuibakiza."

Hakupaka mafuta ya mgando kwenye mpira, kama wengi wanavyofanya. Alisema mafuta ya aina hiyo huula mpira mwingine ukavimba na kulegea. Na alipoona kwenye rafu pakiti ya ile dawa ya bluu ya kudumbukiza tangini, akaniomba niiweke mbali. Dawa za aina hiyo, hasa zenye klorini, hukaa na mipira usiku na mchana na kuifanya ivunjike kama biskuti. Kama nataka choo kinukie, dawa iende sinkini.

Mwisho akafungua maji. Tukayatazama yakipanda, kijana akiwa na kazi ya kugeuza skrubu ndogo ya boya hadi maji yakasimama sentimita mbili na nusu chini ya mdomo wa bomba la ziada. Mzee akachora mstari mpya wa penseli juu ya ule wa zamani. Akabonyeza kitufe kidogo, akangoja. Akabonyeza kikubwa, akangoja. Kisha akaomba tena tuzime kila kitu, akairudia ndoo yake.

Nilifikiri kazi imekwisha na nikaanza kutafuta pochi. Akanionyesha kwa mkono ningoje. Akampa kijana bisibisi ndefu. Kijana akapiga magoti, akaigusisha kwenye bomba, akaegemeza mpini nyuma ya sikio, kama alivyomwona mwalimu wake asubuhi. Robo saa ilipita. Mzee hakuangalia tangi; alikuwa anamwangalia kijana, namna mtu anavyomwangalia mtoto anayejaribu kusoma herufi.

"Unasikia nini?"

"Hakuna kitu, mzee."

"Sikiliza hiyo hakuna kitu vizuri. Uijue. Ndiyo utakayoitafuta kila nyumba."

Kazi kama hii haina pa kuonyeshwa. Seremala ana kabati lake, mwashi ana ukuta, fundi cherehani ana gauni linalopita mtaani likisifiwa. Fundi bomba akifanya kazi yake vizuri, watu husahau kwamba aliwahi kuja. Kijana yule, kama atapenda, ataenda kwenye mafunzo ya ufundi bomba katika vyuo vya VETA akapate cheti, na ninamwombea afike. Lakini lile sikio alilopewa asubuhi ile hatalikuta limeandikwa kwenye karatasi. Limehifadhiwa kwa watu, na linapita kutoka kwa mtu hadi mtu kwa njia moja tu: mmoja akae kimya kwa muda wa kutosha, na mwingine akae kimya karibu yake.

Mzee alinitajia bei ya kazi ya mikono. Muda wa kusikiliza hakuuhesabu. Niliuongeza mwenyewe, akakataa, mama yangu akamsihi kwa lafudhi ya Tanga hadi akapokea. Aliniachia vitu viwili kwenye dirisha la choo: ile ndimu iliyobaki, na kipande cha karatasi ambapo kijana alikuwa ameandika zile ndoo 288.

Usiku ule nilikaa macho makusudi. Saa nane ikafika, mbwa wa mtaa wakabweka wakanyamaza, na kutoka chooni hapakuja kitu. Nikapita mbele ya chumba cha mama. Taa ilikuwa imezimwa, na kwa mara ya kwanza tangu afike nilimsikia akikoroma.